UZI: Chura wa kufuga wanakufa miguu myekundu? Kabla hujamwaga dawa pita hapa kwanza

Fundi_Sampuli
Salaam aleikum wanajukwaa, natumai wazima nyote. Nafungua uzi huu manake kila nikiingia kwenye magrupu ya wafugaji wa huku Pwani nakutana na picha ile ile, chura kalala pembeni ya tangi hataki hata kuruka, mapaja mekundu, tumbo limejaa maji, na viluwiluwi vinaelea juu. Mwenyewe yuwalia ataka dawa. Wa kwanza kujibu asema weka oksitetra, ile antibayotiki ya mifugo, wa pili asema mwaga pamanganeti, wa tatu asema hilo jicho la watu fukiza ubani. Huyo wa ubani ndo angalau hajamharibia mtu maji wala mfuko.

Mie kazi yangu iko maabara, sampuli za wanyama wa majini, siuzi dawa. Neno langu ni moja: ukiona miguu myekundu bado hujajua chura wako yuwaumwa nini, na usipojua utatibu hewa.

Huo mguu mwekundu umeandikwa huko Marekani tangu 1905 na lawama zote zikaenda kwa bakteria, yule ambaye sai twamwita Aeromonas hydrophila. Sasa Aeromonas yuko kila mahali, kwenye maji ya bwawa, kwenye tope, kwenye utumbo wa chura mzima wa afya. Chura akifa kwa sababu yoyote ile, kwa joto letu hili saa chache tu Aeromonas kashajaa mwili mzima. Wewe ukimpasua ukaotesha damu yake utampata, utasema nimemshika muuaji, kumbe umemshika aliyekuja kula matanga.

Muuaji ambaye watu wanamsahau ni ranavirusi. Virusi hawa waligunduliwa miaka ya 1960 na mtafiti mmoja wa Marekani, Allan Granoff, tena hakuwa akiwatafuta, alikuwa yuwasaka chanzo cha saratani ya figo ya chura, akapata virusi kadhaa kwenye zile figo, mmoja wao akaitwa FV3, yaani virusi vya chura namba 3. Ile saratani baadaye ikajulikana yaletwa na herpesi ya chura, kitu kingine kabisa. Lakini huyo namba 3 ndo akaja kuwa mfano wa ukoo mzima.

Na mashambani ukoo huu umepiga kweli. China Kusini mwaka 2000 mmoja wao alipatikana kwa viluwiluwi wa chura simbamarara (tiger frog) waliokuwa wanakufa shambani, na mwaka 2002 wakachapisha DNA yake nzima, herufi kama 105,000 hivi. Huko huko China kuna mwingine wa chura anayeitwa Rana grylio, naye wa kufugwa. Marekani kwenye shamba la bulfrogi, wale chura wakubwa wa huko, Brazil kwenye viluwiluwi wa shamba ripoti ikatoka 2009. Chura sio mmoja, bara sio moja, na dalili karibu zile zile: uchovu, kuvimba, damu kuvilia chini ya ngozi, vidonda, wakati mwengine hakuna dalili yoyote unaamka tu asubuhi tangi zima limelala.

Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa adabu.

baharia_wa_Likoni
Swali langu la kwanza, chura??? Wa kufuga??? Hapa Mombasa? Nani awala hawa jamani 😂

ChuraMtwapa
Kaka Fundi shukran sana huu uzi umekuja kama umeitwa. Baharia cheka tu, mie nawafuga Mtwapa, wateja wangu ni mahoteli ya wageni na pesa yao hainuki. Siyo bulfrogi wa Marekani, mie nina wa asili, hawa wakubwa wenye kelele mvua ikinyesha. Matangi ya simiti, maji ya kisima, na yakitoka kwangu yanaenda kwa jirani yangu ana tilapia.

Tatizo langu liko hivi. Wakubwa wako sawa, wanakula, wanaruka. Viluwiluwi wadogo wadogo sawa. Wanaokufa ni wale wanaotoa miguu ya mbele, mkia umeanza kunywea, yani karibu kabisa kuwa chura. Wanavimba mapaja na kidevu, wanalala upande, kesho yake wamekwisha. Duka moja la dawa za mifugo (silitaji) wameniuzia antibayotiki zaidi ya mara moja, nikiweka wanapungua kufa kidogo halafu vifo vinarudi vile vile. Nimeshachoka na kutoa pesa.

Fundi_Sampuli
Pole sana kaka. Kwa maneno tu sitakwambia ni nini, hakuna anayeweza kukwambia kwa maneno wala kwa picha, lakini hiyo habari ya umri yanishtua. Chura anapobadilika kutoka kiluwiluwi kuwa chura kinga yake ya mwili nayo yajengwa upya, hapo katikati yuko wazi, na ranavirusi wapenda sana hapo. Mkubwa aweza kuambukizwa akakaa nao kimya, akawa yuwamwaga virusi kwenye maji na wewe wamwona mzima. Kwahivyo "wakubwa wako sawa" hainipi raha, yanipa wasiwasi zaidi.

Na hiyo ya antibayotiki kupunguza vifo kidogo halafu vifo kurudi yaelezeka, dawa imewapiga bakteria walioingia baadaye, kama chanzo ni virusi chanzo kiko pale pale. Ranavirusi hawana dawa, na chanjo ya kununua dukani ya chura hakuna.

Halafu funga hayo maji yanayoenda kwa jirani. Leo. Ukoo huu hauchagui chura peke yake, huwapata samaki na kobe na nyoka pia. Kule Australia kuna mmoja aitwaye Bohle, alitoka kwa chura, walipompa tilapia wadogo maabara tilapia wakafa. Sisemi ndo huyu, nasema usije ukamtia jirani hasara kisha mkaonana kwa chifu.

shekhe_mpole
Nami naongeza, ndugu zangu, kwa madhehebu yetu ya Shafi chura haliwi, na iko hadithi kwa Abu Daud, tabibu aliuliza kuhusu chura kumtia kwenye dawa Mtume (s.a.w.) akakataza kumuua. Sisemi kwa ugomvi. Lakini naona mwaongea kupasua pasua, je hizo sampuli hazipatikani bila kuua?

Fundi_Sampuli
Shekhe swali zuri na wala si la dini peke yake, hata kwenye utafiti watu wanabishana hapo. Zipo njia za bila kuua. Kwa kiluwiluwi wakata ncha ndogo ya mkia, kwa mkubwa ncha ya kidole, au wapitisha pamba ya usufi mdomoni na kwenye tundu la nyuma. Zinafaa kujua kama virusi wamo tangini. Ila kwa ugonjwa ulioanza juzi usufi waweza kusema hakuna na huku ini limejaa. Ukitaka kujua kwa nini wanakufa huna budi kuangalia ini, figo na bandama, na hizo zatoka kwa chura aliyekwisha kuzidiwa, ambaye hata ukimuacha hafiki jioni. Huyo apewe dawa ya usingizi kwanza asihisi. Maabara twatumia MS-222, na ile jeli ya benzokaini ya asilimia 20 ya maumivu ya meno ukimpaka tumboni pia humlaza moja kwa moja. Mambo ya kumgonga kichwa ukutani siyataki hapa.

shekhe_mpole
Barakallahu fik, nimefahamu.

mamaZai_Kisauni
Mie nauliza ya watoto. Wangu wawili wanashinda kwenye mtaro wanashika vyura, na huyo wa Mtwapa ana watoto pia nadhani. Hao virusi vinaingia kwa binadamu?

Fundi_Sampuli
Mama Zai ondoa shaka kwa hilo. Ranavirusi wazaliana kwenye baridi mpaka nyuzi kama 32 hivi, mwili wa mtu una 37, hapo kwao ni tanuri. Maabara wamewahi kuwaotesha hata kwenye seli za mamalia lakini mpaka uzishushe joto.

Ila mikono waoshe, tena kwa sabuni. Chura hubeba Salmonella, na huyo Aeromonas akiingia kwenye kidonda cha mtu si mchezo. Ogopa bakteria zaidi ya virusi hapo.

Na nitoe hapa dhana nyingine nimeisikia sana, eti joto la Mombasa laua virusi. Haliui. Maji ya tangi la kivulini huku mara nyingi yako nyuzi 26 mpaka 30, hapo ranavirusi yuko starehe.

kijana_wa_Majengo
fundi sasa mbona usituambie tu dawa ya kumwaga pamanganeti si huua kila kitu?? babu yangu alikua akioshea hata mboga

Fundi_Sampuli
Mboga sawa. Kuna watafiti walijaribu dawa za kuua viini dhidi ya ranavirusi, pamanganeti kwa kipimo cha miligramu 2 na 5 kwa lita ikashindwa kabisa, virusi wakabaki hai. Zilizofanya kazi kwa dakika 1 tu ni klorini ya kufulia kwa asilimia 3, Virkon S asilimia 1, na kloheksidini asilimia 0.75. Na hizo ni za vyombo, buti, nyavu na kuta za tangi LISILO na chura. Usije ukamwagia chura klorini ukasema Fundi kaniambia. Na uoshe tope kwanza kwa brashi na maji, klorini ikikutana na uchafu nguvu yake yote yaishia kwenye uchafu.

daktari_mstaafu
Hamjambo vijana. Nimesoma kimya kimya, nimeona nichangie kabla Mtwapa hajatuma kitu kibovu maabara. Nimetumikia mifugo miaka mingi na naapa nusu ya majibu mabaya huanzia kwenye chupa ya sampuli. Watu hutuletea chura aliyeoza kwenye mfuko wa nailoni, au aliyegandishwa kwenye friza pamoja na samaki, kisha wataka jibu.

Mtwapa sikiliza mwanangu. Achana na aliyekufa, chukua anayekufa. Mkiwa mmemlaza usingizi, mgeuze chali, futa tumbo kwa spiriti, pasua ngozi kwanza peke yake, halafu ndo misuli. Kitu cha kwanza utakachoona ni ini, kubwa, la kahawia, limekaa chini ya moyo. Kwa mgonjwa wa namna hii hukuta limevimba au lina madoa meupe meupe au limevilia damu. Figo ziko nyuma kabisa zimegandana na uti wa mgongo, lazima usogeze utumbo. Bandama ndo huwapita wengi, ni kidonge chekundu cha mviringo kimejificha kwenye utando wa utumbo, kwa chura mdogo ni kama kichwa cha kibiriti, na ndimo virusi hujaa.

Kila kiungo kigawe mara mbili. Nusu iingie kwenye ethanoli, asilimia 70 kwenda juu, hiyo ya kusoma DNA. Nusu kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, hiyo ya kukata na kuangalia kwa hadubini. Kipande cha fomalini kisizidi unene wa milimita 5 na fomalini iwe mara 10 ya nyama, ukijaza nyama kwenye kichupa kidogo katikati itaoza huku nje imekauka. Usichanganye chupa. Fomalini huharibu DNA, ukiweka vyote humo umejifungia mlango. Cha fomalini usikigandishe.

Jina la chura na tarehe andika kwa PENSELI kwenye kikaratasi kigumu ukitumbukize ndani pamoja na nyama. Kalamu ya wino ethanoli itaifuta yote, mpaka maabara ya mifugo Mariakani utafika na chupa isiyo na jina. Na kila chura wembe mpya, glavu mpya, usije ukambebesha wa pili virusi vya wa kwanza kisha PCR, kile kipimo cha kusaka DNA ya virusi, ikapiga kelele kila mahali.

ChuraMtwapa
Shikamoo daktari. Hii ya penseli sikuijua kabisa. Sasa nichukue wangapi? Na hawa viluwiluwi wadogo nitapata bandama wapi mie macho yenyewe haya

daktari_mstaafu
Marahaba. Viluwiluwi wadogo usihangaike, mchane tumbo kidogo ili dawa iingie, mtumbukize mzima, wengine kwenye ethanoli wengine fomalini.

Idadi yategemea swali. Unauliza kwa nini wanakufa? Wagonjwa 5 au 6 walio wazuri, na wazima wachache wa tangi lilelile, na wazima wa tangi ambalo halina vifo. Usilete wagonjwa watupu. Unauliza kama virusi wamo shambani ambako hakuna dalili? Hapo ni hesabu nyingine, kama wanaobeba ni 5 kwa kila 100 basi kwa uhakika wa asilimia 95 wataka wanyama kama 60 kutoka tangi lenye wengi, na kama ni 2 kwa 100 unakaribia 150. Watu hupima 10, wakikuta safi wanashangilia.

mwanafunzi_wa_Kilifi
Shikamoo daktari na Fundi asalaam aleikum. Mie niko mwaka wa mwisho sayansi ya viumbe nataka kufanya hii kama mradi wangu. Nilikua nafikiria nipime kwa PCR tu, nikipata wamo basi nimeshathibitisha ndo chanzo cha vifo, si ndo hivyo?

Fundi_Sampuli
Aaah hapana mdogo wangu, hapo ndo profesa wako atakukalisha. PCR yakwambia DNA ya virusi imo, haikwambii imefanya nini. Kuna kazi ilitoka 2009, walipima bulfrogi walio hai walioingizwa Marekani kwa biashara, asilimia 8.5 wakawa na ranavirusi, na asilimia 62 wakawa na ule ukungu wa ngozi wa chura unaoitwa Bd. Chura ambao mtu kawafungasha akawauza wakiwa wanaruka. Kwahivyo kuwa nao ni jambo moja, kufa nao ni jambo jingine.

Kitu kinachokupa nguvu ni vipande kukubaliana. PCR ya kupima kiasi yaonyesha ini la anayekufa limejaa virusi na la mzima wamo kidogo au hawamo. Hadubini yaonyesha seli za ini na figo na bandama zimekufa, na ndani ya seli, nje ya kiini, kuna vidonge vya rangi ya samawati iliyoiva pale virusi wanapounganishwa. Ukipata hadubini ya elektroni utawaona wenyewe, pembe sita, wamejipanga safu safu ndani ya seli, huwezi kuwasahau ukiwaona mara moja. Halafu waotesha kwenye seli za samaki, zile za EPC au FHM, wala huhitaji seli za chura, seli zinajikunja zinabambuka zinaacha mashimo. Hapo una kesi.

daktari_mstaafu
Namuunga mkono Fundi ila nitampinga padogo. Kuotesha na kisha kuwaambukiza chura wazima ili uone wanakufa vilevile, ndo ushahidi wa mwisho kweli, lakini mwanafunzi wa shahada ya kwanza asiguse. Kwataka chumba kilichofungwa, maji yanayotoka yatibiwe, kibali cha maadili ya wanyama. Mtu akimwaga beseni moja kwenye mtaro wa mvua ameshawapelekea vyura wa porini. Fanya PCR na hadubini uzuri, yatosha, wengi wazima hawafanyi hata hivyo viwili pamoja.

Na PCR yenyewe wengi hushika jeni ya MCP, ya protini ya gamba la nje. Jeni hiyo yafanana sana kwenye ukoo mzima, faida yake huwakosi, hasara yake hutajua kwa hakika ni ndugu gani. Ukitaka jina kamili soma jeni nyingi zaidi, au DNA nzima. Usiandike kwenye ripoti "ni FV3" kwa sababu ya kipande kimoja cha MCP, andika ranavirusi.

Fundi_Sampuli
Hapo kwa kuambukiza sina ubishi mzee wangu, nakubali.

Mwanafunzi, pia usiende na virusi peke yake kichwani. Pima na Bd. Otesha na bakteria kutoka kwa yule aliyepasuliwa akiwa bado na pumzi. China mashamba ya chura wameteswa na bakteria mwingine aitwaye Elizabethkingia, chura shingo yapinda, macho yaingia ukungu, azunguka zunguka. Na usisahau maji yenyewe! Amonia tu ikipanda viluwiluwi wanakufa usiku mmoja na hapana virusi wala bakteria. Vifo vya ghafla vya kila umri kwa pamoja, wadogo kwa wakubwa, mie kitu cha kwanza nauliza maji na sumu ya shamba la jirani.

baharia_wa_Likoni
Nilikuja kucheka nimeishia kusoma yote. Sasa serikali yasemaje, hii si ni kama kuku tu?

daktari_mstaafu
Ranavirusi kwa amfibia wako kwenye orodha ya shirika la afya ya wanyama duniani, WOAH, tangu 2008, pamoja na huo ukungu Bd. Maana yake nchi ikithibitisha inaripoti. Kwahivyo Mtwapa mwite ofisa wa mifugo wa kaunti yako kabla hujapeleka chochote, usipeleke kimagendo, na maabara uwapigie kwanza uulize wapima nini na wataka sampuli vipi. Samaki wa jirani nao kuna ofisi ya uvuvi, na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako hapo hapo Mombasa, waulizwe. Na hao chura wa asili, kama uliwatoa porini, mambo ya kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, yaweke sawa. Nasema kwa wema.

ChuraMtwapa
Ya kibali nitaifuata daktari, sikatai.

Kuleta habari: ofisa alikuja jana, kijana mzuri, hakuwahi kuona shamba la chura lakini alisikiliza. Tumechukua wagonjwa wa tangi la tatu na wazima wa tangi la kwanza, penseli kama alivyosema daktari. Barafu nilichukua Kongowea kwa wauza samaki. Kumpata bandama, wallahi nilitoka jasho, ila nilimpata. Ini la mmoja lilikuwa na madoa meupe lote, la yule mzima laini kahawia, ukiwaweka pamoja huhitaji kuambiwa. Nimefunga maji ya jirani, amekasirika kidogo, nimemwonyesha huu uzi akanyamaza. Majibu bado.

Fundi_Sampuli
Umefanya kazi ya watu wawili kaka. Madoa hayo yaweza kuwa ya bakteria pia kwahivyo bado tusiseme. Kwa sasa kila tangi wavu wake na ndoo yake, anza kuhudumia tangi la wazima umalizie la wagonjwa, usirudi nyuma. Waliokufa watoe asubuhi na jioni, viluwiluwi wanakulana na kula mwenzake aliyekufa na virusi ni njia ya haraka kuliko hata maji. Wachome au wazike mbali na kisima na kwa kina, paka na kunguru wasifukue. Na usiingize chura mpya yeyote.

mfugaji_Ukunda
Kaka Mtwapa hao wakubwa waliobaki wazima wauzaje? Naanza shamba Ukunda nataka mbegu kama 40, nakuja na pikapu Jumamosi

ChuraMtwapa
Ndugu hata mie pesa naitaka, karo ya shule iko mlangoni

Fundi_Sampuli
Jumamosi usije. Hao wakubwa ndo tunaowashuku zaidi, waliopona au wasioonyesha kitu, ukiwapeleka Ukunda umehamisha tangi la tatu lote kwa pikapu. Mpaka majibu yatoke hakuna chura anayetoka Mtwapa, wa kuuza wala wa zawadi. Na hata yakitoka safi kwa hao wachache, kwa mbegu ya kuanzishia shamba wataka zile 60 za daktari, halafu ukiwafikisha wakae peke yao pembeni miezi kadhaa na vyombo vyao kabla hawajaona maji ya wengine.

mfugaji_Ukunda
Miezi kadhaa?? Na chakula chao nalipa nani

daktari_mstaafu
Wewe.

ChuraMtwapa
Sawa nimeelewa, siuzi. Ukunda niwekee namba yako inbox, majibu yakija nitakwambia yalivyo, yawe mazuri yawe mabaya. Sai naenda kusugua tangi la tatu, klorini nimeshanunua.